Kupiga rangi Corolla uani Mbeya: kompresa ndiyo inayochagua bunduki

Jumamosi, 7 Juni

Kazi ya bodi imekwisha. Kutu ya chini ya milango imekatwa, bati jipya limechomelewa, puti imesuguliwa, na fenda ya kulia iliyokuwa imebonyea tangu nililinunua gari hili, sasa ukiipitisha kiganja husikii shimo wala kilima. Gari lenyewe ni Corolla AE110. Kibati kilichomo ndani ya boneti kinataja rangi 040, ile nyeupe ya Toyota isiyo na chenga za kumetameta.

Namba hiyo imenipunguzia shughuli. Rangi yenye chenga inataka tabaka mbili, rangi kwanza kisha klia, vanishi angavu, juu yake, na ukiyumba kidogo tu mkono chenga zinajikusanya na gari linatoka na mabaka. Nyeupe kavu unaweza kuipiga kwa 2K, rangi inayochanganywa na hadina ya kuigandisha, kwa tabaka moja, rangi, hadina na tina humo humo, ikang'aa yenyewe bila klia. Kwa hiyo ninahitaji bunduki moja, yaani kipulizio cha rangi kinachoendeshwa na kompresa, kwa rangi ya juu, nozeli ya milimita 1.3 au 1.4, na nyingine ya bei nafuu kwa ajili ya prima, rangi ya chini. Prima ya kujaza ni nzito, inataka tundu la 1.7 hadi 2.0. Wapo wanaotumia bunduki moja kwa zote mbili, na mafundi wazuri wanaweza. Mimi sitaki kupiga rangi nyeupe kwa bunduki iliyoficha chembe za prima ya kijivu shingoni.

Sasa, bunduki ipi? Kila niliyemuuliza amenitajia jina la bunduki. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nina kompresa gani.

Jumapili, 8 Juni

Leo sijagusa gari. Nimepima upepo wa kompresa.

Kompresa yangu ina tangi la lita 50 na mota ya nguvu za farasi 2. Kibandiko kinasema lita 206 kwa dakika, shinikizo la bar 8. Hiyo 206 ni ujazo ambao pistoni inaufagia ikizunguka. Unaofika kwenye tangi ni pungufu kila mara, kwa sababu kuna joto, kuna vali zinazovuja kidogo, na kuna nafasi juu ya pistoni ambayo haitolewi yote. Kipimo cha kweli ni rahisi na hakihitaji kifaa zaidi ya saa ya simu. Fungua upepo mpaka geji ishuke bar 4, funga, washa mota, hesabu muda mpaka ifike bar 8. Bar 4 zilizoongezeka mara lita 50 ni lita 200 za upepo. Yangu imechukua dakika moja na sekunde hamsini. Maana yake ni lita 109 kwa dakika, nusu ya maneno ya kibandiko na kidogo zaidi.

Sehemu ya upungufu huo ni ya Mbeya yenyewe. Mji upo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 82 ya lile la Dar es Salaam. Pistoni inapanda na kushuka vilevile, ila kila inapovuta inameza hewa nyepesi. Kompresa hii hii ukiipeleka Kigamboni, pwani ya Dar, itajaza tangi mapema zaidi. Ukipanda nayo Njombe, juu kuliko Mbeya, itachelewa zaidi ya hapa. Video nyingi za mafunzo zinarekodiwa na watu waishio karibu na usawa wa bahari, wala hawana sababu ya kulisema hili.

Baada ya hapo nimeweka hesabu ya bunduki. HVLP ni bunduki inayotumia upepo mwingi kwa shinikizo dogo: kwenye kofia yake ya mbele shinikizo halizidi bar 0.7. Zilipata umaarufu pale sheria za hewa safi za kusini mwa California zilipodai kwamba angalau asilimia 65 ya rangi ifike kwenye kitu kinachopakwa badala ya kupeperuka. Ni sifa ya kweli. Lakini shinikizo likiwa dogo, kinacholivunja tone la rangi ni wingi wa upepo, na bunduki kubwa za aina hiyo zinakula lita 400 na zaidi kwa dakika. Mimi ninazalisha 109. Tangi likiwa limejaa bar 8, na kazi ikifika mwisho kwenye bar 4, nina akiba ya lita 200 tu. Ukitoa 109 kwenye 400, pengo ni 291 kila dakika. Akiba inakwisha kwa sekunde arobaini na moja. Hapo upo katikati ya boneti, rangi inaanza kutoka matone makubwa, na uso unabaki na vishimo kama ganda la chungwa.

Kwa hiyo HVLP kubwa imeondoka kwenye orodha kabla sijaijua bei.

Jumamosi, 14 Juni

Mwanjelwa, sokoni hapa Mbeya. Nimeingia maduka yote ninayoyajua ya rangi za magari na vifaa vya gereji.

Bunduki zilizopo zimegawanyika hivi. Kuna za kufyonza, kikombe kikubwa cha lita moja kikining'inia chini. Ndizo gereji nyingi za zamani zinazo, hazifi. Ila zinataka shinikizo kubwa kuinua rangi, zinaacha rangi chini ya kikombe, na ukizilaza juu ya paa zinameza hewa. Kuna za kikombe cha juu, rangi inashuka yenyewe. Humo ndimo zimo nakala za Iwata W-71, bunduki ndogo ya Kijapani iliyoigwa sana, na nakala za SATA za Kijerumani zenye kofia za rangi rangi. SATA halisi inazidi dola 500. Hiyo niliyooneshwa ingelipiwa kwa pesa ya mafuta ya kwenda Tukuyu na kurudi mara chache. Kisha kuna zile za umeme zenye kipulizio chake ndani, za kupakia ukuta na geti. Hizo muuzaji mwenyewe amekuwa muungwana: amesema kwa gari nitaiongeza rangi tina mpaka iwe maji.

Kwenye duka jingine nimeoneshwa HVLP.

"Kaka, chukua hii. Hii ndiyo yenyewe."

"Inakula lita ngapi kwa dakika?"

"Haili rangi hii, kaka. Unabakiza mpaka ya kuuza."

"Upepo, siyo rangi."

Ametazama boksi, kaligeuza, kalirudisha rafu.

Pembeni alikuwepo fundi rangi mzee, amekuja kununua msasa wa maji. Nimemwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza kompresa yangu ina ukubwa gani. Wa kwanza kuniuliza. Nilipomtajia lita 50, akacheka kwa upole.

"Mwanangu, hiyo kubwa waachie wenye kompresa za lita 300. Ya kwako itakoroma kabla mlango haujaisha. Chukua kadogo, piga kipande kimoja, pumzika, piga kingine. Gari siyo ukuta, kuna mistari ya milango, nani atajua ulipumzika?"

Nimemshukuru. Nadhani hilo la mistari ya milango ndilo neno lenye faida kuliko yote niliyoyasikia tangu nianze. Boneti, fenda, mlango, buti, kila kimoja kina mpaka wake. Kipande kisicho na mpaka mzuri ni paa na nguzo zake, na hicho ndicho cha kufikiriwa mapema.

Nimenunua nakala ya W-71 yenye kikombe cha juu na nozeli ya 1.3. Ya prima nimechukua ya bei ya chini kabisa iliyokuwepo, nozeli 1.8. Dukani nimeifungua ile ya 1.3 mbele ya muuzaji. Nimetoa sindano na kuibingirisha juu ya kioo cha kaunta kuona kama imenyooka. Nimeielekeza nozeli kwenye mwanga wa mlango kuona kama tundu ni duara kamili. Nimevuta kifyatuo taratibu: hatua ya kwanza ifungue upepo pekee, ya pili ndiyo ivute sindano. Moja niliyoikataa ilifungua vyote kwa pamoja. Hiyo ingetema tone kila ninapoanza mkupuo. La mwisho nimeuliza kama sindano, nozeli na kofia vinauzwa kwa seti, maana vitu hivi vitatu huzeeka pamoja na ukibadilisha kimoja tu mara nyingi havikubaliani. Vinauzwa. Kwangu hilo lina uzito kuliko jina lililochorwa ubavuni.

Jumapili, 15 Juni

Kipimo cha ulaji. Bunduki bila rangi, tangi bar 8, kompresa inafanya kazi, regulata imewekwa ili geji ya kwenye mpini isome bar 2.5 nikiwa nimevuta kifyatuo. Muda wa kushuka hadi bar 4 umekuwa karibu dakika mbili na sekunde hamsini. Pengo ni lita 70 kwa dakika. Ukijumlisha 109 za kompresa, bunduki inakula kama 180. Dakika mbili na zaidi za kifyatuo ni nyingi kwa mlango mmoja. Mkono mmoja wa rangi kwenye mlango hauchukui hata dakika.

Geji ya kwenye mpini si anasa. Kwenye regulata nilisoma 3.5, mita kumi za mpira na viungio viwili zimekula bar nzima kabla upepo haujafika mkononi. Na lazima isomwe kifyatuo kikiwa kimevutwa, kwa kuwa upepo uliosimama unadanganya. Mpira nilionao una tundu la milimita 8. Mwembamba zaidi ya huo ungenipokonya hata kidogo nilichonacho.

Kuhusu umeme: kompresa nimeiweka karibu na soketi na kurefusha mpira, sikurefusha waya. Waya mrefu mwembamba unaangusha volti, mota inanguruma bila kushika kasi, na hewa nyepesi ya huku tayari inaipoza mota vibaya kuliko pwani.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeongeza akiba. Barabara kuu ya Tunduma inapita humu mjini na malori yanakufa humu humu, kwa hiyo mitungi ya upepo ya breki haikosekani kwa wauza chuma chakavu. Nimepata wa lita 40. Mtungi kuukuu ni kitu cha kuogopa: kutu hula kutoka ndani, na upepo uliobanwa ukipasua chuma unarusha vipande. Nimeukagua ndani kwa tochi, kisha fundi bomba ameujaza maji mpaka juu na kuupandisha hadi bar 12 kwa pampu ya mkono, ukaachwa muda mrefu bila sindano ya geji kusogea. Kipimo kinafanywa kwa maji kwa sababu maji hayabanwi. Chuma kikipasuka maji yanamwagika tu. Yeyote atakayejaribu hili kwa upepo asiseme ameyasoma kwangu.

Ukiunganishwa, tangi limekuwa lita 90. Akiba kutoka bar 8 hadi 4 ni lita 360, zaidi ya dakika tano za kifyatuo. Paa sasa linawezekana. Gharama yake ni kwamba kujaza kunachukua karibu mara mbili, na mota inapata joto. Baada ya kila kujaza naipa nafasi ipoe.

Maji kwenye upepo nayashughulikia hivi: mpira unatoka kwenye kompresa, unajiviringisha ndani ya ndoo ya maji ya bomba, ndipo unaingia kwenye kichujio. Kichujio kilichofungwa kwenye kompresa yenyewe hakikamati mengi kwa sababu upepo bado ni wa moto na maji yamo kama mvuke. Ukiupoza kwanza, mvuke unageuka matone na kunaswa. Maji ya bomba ya Mbeya mwezi Juni hayahitaji barafu.

Jumapili, 22 Juni

Majaribio ya maji na kadibodi. Bunduki mpya hizi zinakuja na mafuta ya kiwandani na wakati mwingine vumbi la chuma, hivyo kwanza niliifungua yote na kuiosha kwa tina.

Nimegeuza kofia ili feni ya rangi ilale mlalo, nikafyatua sehemu moja bila kusogea mpaka maji yaanze kuchirizika. Michirizi ikilingana urefu toka kushoto hadi kulia, bunduki iko sawa. Ikiwa mirefu katikati, upepo ni mdogo au rangi ni nyingi. Ikiwa mirefu pembeni, upepo umezidi. Ya prima ilikuwa sawa. Ya 1.3 ilitoa umbo la ndizi, limepinda upande mmoja. Dawa yake si kubahatisha: zungusha kofia nusu duara, fyatua tena. Umbo likigeuka pamoja na kofia, tatizo limo kwenye kofia. Likibaki lilipo, limo kwenye nozeli. Lilizunguka. Kitundu kimoja cha pembe ya kofia kilikuwa na kijichuma kilichobaki tangu kutobolewa. Nimekitoa kwa njiti ya mti. Waya au pini ungepanua tundu na kuiharibu kofia moja kwa moja.

Inafurahisha kwamba kifaa hiki kilianzia hospitali. Daktari Allen DeVilbiss wa Toledo, Ohio, alitengeneza kipulizio cha dawa ya koo miaka ya 1880, na mwanawe Thomas ndiye aliyekipeleka kwenye rangi. Leo kazi yake ndiyo inayotulazimisha kuvaa barakoa.

Na barakoa hapa si ile ya kitambaa. Hadina ya 2K ina isosianeti, ambayo inaweza kumwachia mtu pumu ya kudumu. Mwili ukishaizoea vibaya, hata kiasi kidogo baadaye kinatosha kumkaba. Ninayo ya mpira yenye vichujio vya kaboni vya mvuke wa kemikali, vipya, na miwani iliyoziba. Kinachotakiwa hasa ni ile inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka mbali. Sina. Kwa hiyo napiga kipande kimoja, natoka nje ya turubai ninamopigia rangi, na watoto siku hiyo wako kwa bibi yao.

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba

Prima imepigwa gari zima. Bunduki ya 1.8 imefanya kazi kwa adabu na sitaisifu zaidi ya hapo. Prima inasuguliwa, inasamehe.

Shida imekuwa baridi. Asubuhi bodi ilikuwa na umande kama imenyeshewa, na hata baada ya kufutwa bati lilikuwa baridi kuliko hewa. Karatasi za maelezo ya rangi za 2K zinahesabu muda kwa nyuzi 20. Chini ya 15 hadina inasinzia. Nimeanza saa tano, jua limeshapasha bati, na kufunga saa nane na nusu ili iwe imeshika kabla ubaridi wa jioni haujarudisha umande. Tina nimetumia ya haraka. Fundi aliyefunzwa Dar atakupa ya polepole kwa mazoea, na kwa joto la kule yuko sahihi, lakini Julai ya Mbeya itakutiririkia mlangoni ukitazama.

Jumamosi, 26 Julai

Milango yote minne, fenda na boneti ni vyeupe.

Kipimo kilichonikubali: bar 2.5 kwenye mpini, feni imefunguliwa robo tatu, umbali wa shubiri moja iliyonyooshwa, kila mkupuo ukifunika nusu ya uliotangulia. Mkono wa kwanza mwepesi, dakika kumi na tano za kusubiri, mkono wa pili uliolowa vizuri. Dakika hizo za kusubiri ndizo zinazojaza tangi, kwa hiyo kompresa ndogo haijanichelewesha hata kidogo. Boneti ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Nilimaliza geji ikiwa juu ya bar 5.

Kasoro ipo na niliitarajia. Bunduki hii inapoteza rangi nyingi hewani kuliko HVLP. Ndani ya turubai palikuwa na ukungu mweupe, na sakafu niliyoimwagia maji kutuliza vumbi imekuwa na utando wa rangi. Rangi iliyonunuliwa kwa hesabu ya karatasi haitatosha, nimeongeza lita moja. Ukiweka bei ya lita hiyo upande mmoja, na upande wa pili bei ya kompresa ya kuiendesha HVLP, bado sijutii. Anayepiga magari kila wiki atafanya hesabu nyingine, na inafaa aifanye.

Kuosha: mara tu kazi inapoisha, kabla hata ya kuvua ovaroli. 2K haisubiri. Sindano nje, nozeli na kofia kwenye kikopo cha tina, brashi laini, kisha mafuta kidogo kwenye shina la sindano. Siizamishi bunduki nzima, kwa sababu tina inakula mipira ya ndani na wiki ijayo utaona upepo unavuja kikombeni.

Ijumaa, 8 Agosti, Nanenane

Wengine wako kwenye maonesho, viwanja vya John Mwakangale, mimi niko na buti. Imetoka vizuri, isipokuwa mdudu mmoja aliyeamua kutua juu ya mkono wa pili. Ataondoka kwa msasa wa maji namba 2000.

Baridi imelegea lakini upepo wa kiangazi umeanza, na vumbi nalo. Turubai linapiga makofi kuanzia mchana. Saa nzuri zimesogea: sasa ni saa nne hadi saa sita, kabla hali ya hewa haijachafuka. Mvua za Novemba bado ziko mbali, ila sitaki kuvuka Agosti.

Limebaki paa. Nitasimama juu ya kreti, nipige kutoka ukingoni hadi katikati, nihamie upande wa pili nianzie katikati nije ukingoni, ili ukungu wa upande mmoja usikaukie juu ya mwingine. Mdogo wangu atashika mpira usiguse rangi. Tangi zote mbili bar 8 kabla ya kuanza, na mkono mmoja ukamilike bila kusimama. Tumepanga Jumapili, saa nne. Upepo ukiwahi kuliko sisi, tutasugua taa za mbele, nazo zimekuwa za njano siku nyingi.